Harun na Walinzi wa Taa

Harun Wandera alianza kusimulia filamu kabla hajamaliza kidato cha nne. Nyuma ya soko la Busia, upande wa Kenya, palikuwa na kibanda cha video chenye kuta za mabati na mabenchi ya mbao, na mwenye kibanda alimkabidhi kipaza sauti siku ambayo DJ wake, yaani msimulizi wa filamu, alivuka mpaka kwenda harusini Uganda asirudi. Filamu ilikuwa ya Kichina. Harun hakujua hata neno moja la Kichina, lakini hilo halikumsumbua yeyote. Aliwapa wale mabwana wa mapanga majina, akawapa wake na mashamba, akamfanya mzee mmoja mwenye ndevu ndefu kuwa chifu mstaafu wa Nambale, na watu wakacheka mpaka mabati yakatetemeka.

Katika miaka aliyoifanya kazi hiyo alijifunza kanuni zake. DJ hanyamazi. DJ humpa kila mhusika mama, kijiji na tabia. Kubwa kuliko zote ni kwamba mtazamaji haji kuisikiliza runinga, huja kumsikiliza DJ. Runinga ya kibanda ilikuwa ndogo, picha ilikuwa na chenga, na wengi wa waliokuja hawakuwa wamekaa shuleni vya kutosha kuyasoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita mbio chini ya picha. Kwao, sauti ya Harun ndiyo iliyokuwa filamu.

Kipawa hicho kilimfaa nje ya kibanda pia. Harun alikuwa amejua tangu ujana kwamba moyo wake unawaelekea wanaume, na mtu wa namna hiyo hujifunza mapema kuwasimulia wengine maisha yasiyo yake. Shangazi yake alipouliza habari za msichana, msichana alikuwa tayari, ana jina, kijiji na tabia.

Alifika Doha mwaka 2013 kuwa mlinzi. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na nyumba ya wafanyakazi huko Al Thumama, jengo lililojaa Wakenya na Waganda, na katika chumba chake kitanda cha juu kilikuwa cha Kiprop, mtu wa Kericho mwenye miguu mirefu iliyotokeza nje ya godoro. Wakati wa joto, maji ya bomba yalipotoka yakiwa moto kama ya chai, Kiprop ndiye aliyejaza ndoo mbili asubuhi, yake na ya Harun, ili wakirudi kutoka lindoni wakute maji yamepoa. Harun hakumwomba afanye hivyo. Aliziona tu ndoo mbili zimepangwa mlangoni mwa bafu, akajua amepata rafiki.

Alilinda lango la jengo moja la ofisi. Katika mkahawa wa wafanyakazi palikuwa na runinga iliyowashwa kutwa, na hapo ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza tamthilia ya *Walinzi wa Taa*. Ilihusu chombo kidogo kinachosafiri kati ya nyota kutengeneza taa kubwa zinazoelea angani, ili meli nyingine zisipotee. Wafanyakazi wake walikuwa na mkataba wa miaka mingi. Walizungumza na watu wa nyumbani kwa picha zilizochelewa kufika, wakala chakula kilekile kila siku, wakapangiwa zamu na nahodha mkali aliyeitwa Madena. Chomboni mlikuwa na mmea uliozungumza kwa kutoa harufu. Palikuwa pia na rubani, Kesto, na fundi, Orvi, wasioweza kukaa chumba kimoja bila kubishana.

Kwa jicho la DJ, Harun aligundua jambo. Tamthilia ile ilirukaruka. Kesto na Orvi walionekana wameketi mbali, vikombe vimejaa; mara wameketi karibu, vikombe vitupu, na Orvi anapangusa macho. Kulikuwa na kitu kimetolewa katikati. Stesheni ilikuwa imekata.

Aliyempa vipande vilivyokatwa ni Douglas, fundi wa kompyuta kutoka Nakuru aliyefanya kazi ghorofa ya nne ya jengo lile. Asubuhi moja Douglas alipita langoni akiwa amebandika taa ndogo ya bati kwenye kamba ya kitambulisho chake, taa ile ya chombo. Harun alimrudishia kitambulisho na kumuuliza kwa sauti ya kazi, kama wanavyosalimiana wale wa angani, "Taa inawaka?"

Douglas alimtazama kwanza kofia, kisha viatu, kisha uso. "Inawaka," akajibu. Jioni hiyo alishuka na flashi yenye msimu wote wa kwanza, haijakatwa.

Harun aliutazama katika simu, amelala kitandani, kitambaa kimefunika uso na skrini pamoja. Katika sehemu ya vikombe, kilichokatwa kilikuwa mkono. Orvi aliuweka mkono wake wenye grisi kwenye shavu la Kesto, Kesto akauacha ukae. Basi. Harun alirudia pale mpaka chaji ikakaribia kwisha. Alikuwa ameona filamu nyingi maishani mwake, na katika hizo wanaume kama yeye walikuwa wa kuchekwa au wa kufa. Hawa walikuwa na kazi. Walitengeneza taa, walilalamikia chakula, na mmoja alimpenda mwenzake.

Siku za Ijumaa asubuhi, akiwa hana zamu, alianza kwenda kwa Douglas, Fereej Bin Mahmoud, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Huko alimkuta Melissa, muuguzi kutoka Machakos, aliyemwacha mpenzi wake wa kike nyumbani na kumpigia simu kila siku akisema anampigia dada. Wengine walikuja na kuondoka kulingana na zamu zao, lakini hawa watatu hawakukosa. Melissa alikuwa ameshona koti la Nahodha Madena kwa pazia la bluu lililotupwa na mtu aliyehama, na alilivaa hata kama kiyoyozi kimeharibika. Walisoma hadithi ambazo mashabiki wa nchi nyingine waliandika kwenye mtandao kuhusu Kesto na Orvi, wakazikosoa kama walimu. Walikula chapati, na walibishana.

Ubishi mkubwa ulihusu msimu wa pili, pale Kesto alipokataa cheo cha kuendesha meli kubwa. Melissa aliamini kwamba hapo mapenzi yalikuwa yamekwisha kukomaa, na kwamba mtu asiyeona hivyo hana macho. Alimgeukia Douglas. "Nani hukataa cheo kwa sababu ya fundi?"

"Mtu anayejua fundi mzuri hapatikani."

"Wewe umewahi kukataa cheo kwa sababu ya mtu?"

"Sijawahi kupewa," Douglas akasema, na Harun alicheka hadi akamwaga chai kwenye koti la nahodha.

Chumba kile kilimpa kitu ambacho hakuwa nacho tangu azaliwe: mahali pa kuwa shabiki na kuwa yeye kwa wakati mmoja, asimtafsirie yeyote chochote. Lakini furaha ikizidi hutafuta watu. Harun alitamani Kiprop naye aijue *Walinzi wa Taa*. Ijumaa moja alasiri, Waislamu wametoka kuswali na Wakristo wamerudi kutoka makanisa ya Mesaimeer wakiwa bado na mashati yao ya kanisani, aliunganisha kompyuta ya Kiprop na runinga kubwa ya ukumbi wa chakula, akachukua kipaza sauti cha kuimbia karaoke, akapunguza sauti ya runinga, akaanza.

"Haya, jameni. Huyu ni Nahodha Madena. Ana uso wa mtu aliyeambiwa zamu imeongezwa. Na huyu ni Orvi, fundi, mtoto wa watu, ameahidiwa likizo tangu mwaka wa juzi."

Ukumbi ulikuwa wake kuanzia hapo. Walinzi waliokesha kwenye malango ya watu walipenda sana kuona walinzi wengine, hata wa angani. Ule mmea waliuita Mama Mboga. Baada ya wiki chache "Taa inawaka?" ilisikika kwenye redio za lindo, na wasimamizi wa kampuni hawakujua ilitoka wapi.

Kisha ikafika sehemu ya moshi wa sumu. Kesto alijitosa ndani ya moshi akamtoa Orvi mgongoni, akamlaza sakafuni, akamkumbatia na kulia kwa sauti, mdomo wake katika nywele za mwenzake. Harun alikuwa ameitazama sehemu hiyo mara nyingi peke yake. Hakuwa amewahi kuitazama mbele ya wanaume arobaini. Ukumbi ulinyamaza, na kutoka nyuma mtu mmoja akauliza bila ubaya wowote, "DJ, hawa ni nini wao kwa wao?"

DJ hanyamazi. "Hawa," Harun akasema, na akasikia sauti yake imetangulia mbele ya akili, "ni ndugu wa kunyonya. Mama yake Orvi alifariki akijifungua. Mama Kesto akawachukua wote wawili, huyu titi hili, yule titi lile."

Ukumbi ulishusha pumzi. Mzee mmoja wa Jinja alisema huo ndio ubinadamu.

Uongo ule ulihitaji kulishwa. Kila mkono uliogusa bega ulielezwa kwa maziwa. Kila walipotazamana kwa muda mrefu, Harun alieleza kwamba wanamkumbuka mama. Mama Kesto, ambaye hakuwepo popote katika tamthilia, akawa mhusika anayependwa kuliko wote. Walinzi walimuulizia kwenye foleni ya basi: anaendeleaje, mguu umepona, bado anauza samaki? Harun alipowasimulia hayo kule Fereej Bin Mahmoud, Douglas alicheka mpaka akashuka sakafuni. Melissa alitabasamu kidogo tu, akasema maskini huyo mama anabeba watu wengi.

Misimu ikapita namna hiyo. Mwaka 2018 ulitoka msimu wa mwisho, na Ijumaa moja asubuhi walipofika sehemu ya saba, wale watatu hawakubishana. Orvi alimwomba Kesto amuoe. Alimwomba akiwa chini ya injini, uso hauonekani, ametoa mkono tu, na mkononi ana nati aliyoichonga kuwa pete. Harusi ilifungwa chomboni, na nahodha ndiye aliyeifungisha. Melissa alilia ndani ya koti la bluu. Douglas alisimama dirishani akiwapa mgongo. Harun alifurahi hata viganja vikamtoka jasho, na katikati ya furaha hiyo akakumbuka ukumbi wa Al Thumama.

Kule, Kesto na Orvi walikuwa wamenyonya titi moja. Dini zote zilizokuwamo katika ukumbi ule ziliikataza ndoa ya ndugu, na Harun ndiye aliyewafanya ndugu. Alitaka kuwafunika, akawavika vazi baya kuliko lile aliloliogopa.

Na aliogopa kwa sababu. Mwaka uliotangulia, kijana mmoja wa nyumba ile alirudishwa kwao baada ya picha fulani kuonekana katika simu yake. Hakuna aliyejua ni nani aliyepeleka habari. Sheria ya nchi kuhusu wanaume kama yeye ilijulikana. Msimamizi wa nyumba, Athanas, Mganda wa Masaka ambaye wote walimwita kemp bosi, alipita mabwenini na funguo zake akisema tu kwamba hataki maneno. Harun alikuwa na kitanda, kazi, na ndoo ya maji inayowekwa mlangoni na mtu asiyeombwa. Ukumbi ukijua, angeweza kupoteza vyote kwa siku moja.

Douglas alipendekeza njia rahisi. Stesheni ilikuwa imeirusha sehemu ile bila harusi. Mtu hakuona ila nahodha akifunga kitabu na watu wakipiga makofi. Angeweza kumpatia nakala hiyo. "Piga ile iliyokatwa," alisema. "Hakuna atakayekulaumu."

Melissa alikuwa akikunja koti. "Miaka yote hii tunawalaani hao wenye makasi," alisema polepole. "Sasa makasi uyashike wewe, Harun?" Kisha akaona uso wake, akamshika mkono. Alimwambia yeye halali Al Thumama, kwa hiyo hana haki ya kumwamulia.

Harun alirudi na nakala zote mbili. Wiki nzima langoni aliwaza hila ya tatu, ya ki-DJ: aonyeshe sehemu kamili, lakini aseme kwamba wanakula kiapo. Ndugu wawili wanaapa mbele ya nahodha kutoachana kazini. Pete ni alama ya kazi. Nahodha analia kwa sababu amekumbuka ujana wake. Alijaribu maneno hayo kimoyomoyo yakakubali. Kufikia Alhamisi alikuwa ameyapanga vizuri.

Ijumaa ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye meza. Athanas alisimama mlangoni na funguo zake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kiprop alikuwa kwenye benchi la mbele, miguu yake mirefu imekaribia runinga.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Harun alichekesha, Mama Mboga akatoa harufu ya vitunguu, Nahodha Madena akafokea watu. Kisha mkono ukatokea chini ya injini, na nati ikang'aa. Harun akasema, "Na hapa Orvi anampa ndugu yake..." Kesto akapiga magoti. Kamera ikasogea karibu na uso wake, ule uso ambao Harun alikuwa ameusemea kwa miaka minne, na kila alichousemea kilikuwa cha mtu mwingine. Maneno ya kiapo yalikuwa tayari ulimini. Hayakutoka. Aliona kwamba akiyasema, atakuwa amewakata hawa wawili mahali ambapo hata stesheni haikufika, kwa sababu stesheni iliwaondoa tu, haikuwageuza.

Alizima kipaza sauti.

Runinga iliendelea kwa sauti ndogo. Chomboni watu walivaa nguo safi. Orvi alijaribu kutoa grisi kwenye kucha. Katika ukumbi ilisikika feni, na viti vikisogezwa: watu wawili waliinuka wakatoka bila kutazama nyuma, wakimpita Athanas mlangoni. Harun aliuangalia waya wa kipaza sauti. Alikuwa akiwaza angeanzia wapi kufungasha nguo zake.

"DJ," Kiprop akasema kutoka benchi la mbele, si kwa sauti kubwa. "Mbona umenyamaza? Harusi gani hii haina MC?"

Mtu mmoja akacheka. Mwingine, kutoka nyuma, akasema hata kamati hawakuitwa, walisikia tu kwamba kuna sherehe. Kiprop alikuwa amelitaja neno lenyewe, na paa lilikuwa bado liko juu yao.

Harun akakiwasha kipaza sauti. "Mabibi na mabwana," alisema, "tunaomba radhi kwa kuchelewa. MC alikuwa amekwama kwenye foleni." Watu wakacheka, naye akapata pumzi. "Mbele yenu ni bwana Kesto, rubani. Na huyu ni bwana Orvi, fundi. Wamependana tangu msimu wa kwanza. Leo wanaoana. Wenye simu tafadhali wazizime, na wenye wivu wavumilie."

Kisha akaiendesha harusi yote. Aliwakaribisha wakwe kutoka sayari nyingine, akawakaripia waliokaa kwenye viti vya jamaa, akawasihi wageni wasiimalize keki kabla haijakatwa. Nahodha aliposoma maneno ya ndoa, Harun hakutia mzaha wowote. Aliyatafsiri neno kwa neno kwa Kiswahili safi, kama yalivyo, na lilikuwa jambo la kwanza katika tamthilia yote aliloliambia lile jengo bila kuongeza wala kupunguza. Si wote walicheka hapo. Wengine waliangalia mikono yao. Lakini walikaa.

Kabla ya magharibi alimkuta Kiprop juu ya paa akianika sare. Alishika upande mmoja wa shuka ili wamalize haraka.

"Mlijua tangu lini?" Harun akauliza.

"Tangu ule moshi." Kiprop alitafuta kibanio. "Yale maandishi, Harun. Yako chini ya picha tangu siku ya kwanza, makubwa kama ya uwanja wa ndege. Sisi huongea Kiingereza langoni kutwa nzima. Ulidhani tunasoma nini?"

Harun alibaki ameshika shuka. Yeye mwenyewe aliyafuata maandishi hayo kila Ijumaa, yalimsaidia kwenda sambamba na picha. Miaka yote hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anayeyaona. Mwili wake ulikuwa Al Thumama, lakini kila alipokishika kipaza sauti alikuwa Busia, mbele ya runinga ndogo yenye chenga. "Na hamkusema?"

"Tuseme nini? Mtu anasimulia vizuri hivyo, umkatize umwambie unajua kusoma? Halafu Mama Kesto alikuwa mtamu. Kuna watu humu walimpenda kuliko nahodha." Kiprop akachukua kibanio kingine. "Na tuliona unaogopa. Mtu akiogopa haongezewi."

Jambo lililobaki lilikuwa dogo kutamka na kubwa kubeba. Harun alilitamka akiiangalia shuka. "Na mimi, je?"

Kiprop alikung'uta suruali, akaitundika, akaitazama kama imekaa sawa. "Wewe unaongea na shangazi yako kwa simu, mimi niko kitanda cha juu. Yule msichana wako, mara ni mwalimu, mara ni muuguzi. Mwaka jana alitoka Bumala, mwaka huu ametoka Funyula. Nikasema, huyu naye ni Mama Kesto."

Harun alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akakaa chini kwenye saruji iliyokuwa bado na joto la mchana. Kiprop aliendelea kuanika. Baadaye alimwambia kwamba wale wawili waliotoka hawakufurahi, asiwatanie kwa sasa, na asiache simu yake ovyo. Alisema hivyo kama anavyosema mtu anayemkumbusha mwenzake kofia wakati wa jua.

Kesho yake asubuhi Athanas alimwita kwenye meza yake karibu na lango. Hakumwambia akae. Alisema kuna mtu amekuja kulalamika kuhusu filamu ya jana, naye amemjibu kwamba ni filamu ya taa.

"Si ni ya taa, ssebo?" akauliza, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Ni ya taa, bosi."

"Basi. Lakini mlango wa ukumbi utafungwa mkitazama, na usiache picha imesimama kwenye runinga ukaenda kunywa maji. Mimi sikupenda nilichokiona, nakwambia wazi. Na sitaki kumrudisha mtu mwingine kwao. Yule wa mwaka jana, mama yake bado ananipigia." Alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Nenda kazini."

Harun alikwenda kazini. Hakuweza kuamua kama aliyoyasikia yalikuwa huruma au tahadhari, akaona si lazima yawe moja tu. Langoni Douglas alipopita, alimweleza yote kwa sentensi chache, wakati wa kukagua begi. Kisha akamwuliza jambo ambalo hakuwahi kufikiri angeuliza: kama angependa kuja Al Thumama Ijumaa, kama mgeni wake. Melissa asingeweza, nyumba ni ya wanaume, lakini alituma salamu na amri kwamba asimuliwe kila kitu.

Watu wa ukumbi walikuwa wamekwisha kukubaliana kuanza tamthilia mpya, ya falme na mazimwi, iliyotoka wakati uleule. Douglas aliileta yeye mwenyewe, amevaa shati lililopigwa pasi kama anayekwenda kwa wakwe. Alisimama katikati ya ukumbi hajui akae wapi, hadi mzee wa Jinja alipomvutia kiti cha plastiki. Wale wawili waliotoka siku ya harusi hawakuwepo. Mlango ulifungwa.

Kiprop alimuuliza mgeni kama ni yeye aliyekuwa akiwapatia misimu yote ile. Douglas akakubali. Kiprop akasema basi ana kesi naye, maana msimu wa pili una kosa: haiwezekani rubani akatae cheo kikubwa hivyo, na waandishi walimwonea Kesto. Douglas alikaa sawasawa kwenye kiti. Alisema kwa heshima zote, kaka, hapo umekosea kabisa. Watu watatu wa benchi la nyuma wakaunga mkono upande mmoja, mzee wa Jinja akaunga mwingine, mtu akaomba ile sehemu ya cheo irudishwe itazamwe upya ili haki ipatikane.

Harun alisimama kando ya runinga, kipaza sauti kimewaka, zimwi la kwanza limeganda angani kwenye skrini. Alisema "Jameni" mara moja, hawakumsikia. Hakurudia. Alivuta kiti, akakaa kati ya Douglas na Kiprop, akangoja zamu yake ya kubishana.